Wapangaji wa ratiba za pwani, acheni kutupangia saa bila kuangalia maji!

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitauzunguka mbuyu.

Kila ratiba ya "siku 3 mji wa pwani" inayosambazwa ni ileile. Saa 3 asubuhi kuogelea, saa 8 mchana fungu la mchanga (kisiwa cha mchanga kinachotokeza maji yakishuka), saa 12 jioni machweo ufukweni. Kesho hivyohivyo, keshokutwa hivyohivyo. Kupwa na kujaa, yaani maji kushuka na kupanda, havitajwi hata kwa bahati mbaya. Mtu anashuka na taulo begani saa 3, anakuta bahari imeondoka, mbele yake kuna tope, majani na miamba hadi macho yanachoka. Kisha anaandika kwamba mji ule hauna bahari. Bahari ipo, ila aliyempangia safari hakuiangalia.

Sehemu nyingi za dunia maji hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kwa siku. Toka yajae mpaka yapwe ni kama saa 6 na dakika 12, na kila siku mzunguko wote unachelewa kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo ratiba yenye saa zinazofanana kwa siku 3 ni kosa kabla begi halijafungwa: kilichofaa saa 3 kamili siku ya kwanza, siku ya tatu kinafaa karibu saa 4 na dakika 40.

Halafu kuna mwezi. Siku 1 au 2 baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Hapo ndipo pa kutembea kwenye miamba na kufika kwenye mafungu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti inakuwa ndogo na mikondo inalegea, kwa hiyo ni siku nzuri za kuogelea na kutazama samaki. Anayepanga safari ya fungu wakati wa maji mafu anauza mchanga ambao huenda usitokeze kabisa. Kabla ya kulipa, muulize nahodha maswali mawili: leo yanapwa saa ngapi, na fungu linabaki wazi kwa muda gani? Akijibu "twende tu, tutaona", usipande.

Sasa sikilizeni linalonikera kuliko yote, maana hili linaua. Watu wanadhani maji hurudi kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti ya kimo cha kupwa na cha kujaa sehemu 12. Saa ya kwanza maji yanapanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Ni makadirio, lakini yanatosha. Tofauti ikiwa mita 4, saa ya kwanza bahari inapanda sentimita 33 tu, nawe unaendelea kupiga picha. Saa ya tatu inapanda mita 1 nzima, na ya nne mita 1 nyingine. Kwenye ufuo unaoshuka mita 1 kwa kila mita 50, ukingo wa maji unakufuata mita 50 ndani ya saa moja. Tena maji hayaji lazima kutoka mbele. Yanaingia kwanza kwenye mifereji iliyo kati yako na nchi kavu, kwa hiyo unapokuja kushtuka umesimama juu ya kisiwa. Kisiwa cha Lindisfarne, Uingereza, barabara ya kuvukia hufunikwa mara 2 kwa siku, saa salama zimeandikwa pale pale, na bado magari hunaswa.

Kwa hiyo matembezi ya miambani yaandikwe hivi: anza muda wa saa moja hadi moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, yafuate yanavyotoka, yakigeuka na wewe geuka. Viatu vya soli ngumu, si ndala. Jiwe ukiligeuza lirudishe lilivyokuwa, maana viumbe waliojibana chini yake hukaushwa na jua. Kwenye mchanga wenye maji ya magotini buruza nyayo, usinyanyue. Taa (samaki bapa mwenye mwiba mkiani) aliyejifukia akisikia mtikisiko anaondoka, ukimkanyaga anachoma.

Kusoma jedwali la maji nako ni balaa. Limeandika 10:10, mtu anasema "saa kumi". Hiyo ni saa 4 na dakika 10 asubuhi, ndugu yangu! 16:22 ndiyo saa 10 na dakika 22 jioni. Kosa hilo la saa 6 linakuangusha karibu sawasawa kwenye maji ya kinyume, yaani umekwenda kupwa ukakuta yamejaa hadi ukutani. Namba ndogo, mfano 0.4, ni kimo cha kupwa, na 3.9 ni cha kujaa. Tofauti yake mita 3.5 ndiyo ya kugawa kwa 12. Hakikisha jedwali ni la bandari iliyo karibu na ufuo wako, maana ndani ya hori (mkono wa bahari ulioingia nchi kavu) maji huchelewa. Nchi zinazosogeza saa majira ya joto, baadhi ya majedwali hayajaongeza hiyo saa. Na ni utabiri: upepo ukisukuma kuelekea nchi kavu, au kanieneo ya hewa ikishuka, maji hupita kimo kilichoandikwa. Kila milibari 1 ya kanieneo inayopungua huinua bahari kama sentimita 1.

Kutazama samaki kwa miwani na mrija kunataka maji yaliyosimama, yaani dakika chache kabla na baada ya kujaa au kupwa, jua likiwa juu na upepo haujaamka. Karibu na mdomo wa mto nenda yakijaa, ndipo maji safi ya bahari kuu yanapoingia; yakipwa yanakuletea tope la mtoni. Miwani ijaribiwe nchi kavu: ibandike usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa kwa pua, uachie mikono. Ikidondoka, haikufai. Unywele mmoja chini ya mpira unatosha kuvujisha, na masharubu vilevile. Waandaaji wengi hukupa miwani ya kwanza iliyo juu ya kapu, basi.

Mikokoni kwa kayaki (mtumbwi mwembamba wa kasia) ni kinyume cha miambani: ingia maji yakijaa, geuza yakisimama. Ukichelewa, unaburuta chombo kwenye matope.

Boti za matembezi ziende asubuhi. Nchi kavu ikipata joto, upepo wa baharini huamka mchana na mawimbi hunyanyuka. Jaketi la kuokolea lifungwe vizuri, kisha mtu mwingine alivute juu mabegani. Likipita kidevu ni kubwa. La mtoto liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu.

Na hayo machweo! Mji unatazama mashariki, ratiba imeandika "machweo ufukweni". Jua litatua nyuma ya nyumba, watu wamekaa mchangani wakitazama giza linavyopanda kutoka baharini. Fungua ramani. Pwani ya mashariki mpe mgeni macheo, na jioni mpeleke kwenye hori au rasi inayotazama magharibi. Mji wa kale, makumbusho na mnara wa taa vipangwe saa za jua kali, ila ulizia siku wanayofunga.

NYONGEZA: Mdau amesema bahari ya Mediterania haina mambo haya. Kweli, sehemu kubwa ya huko tofauti ni ndogo, wakati ghuba ya Fundy, Kanada, inaweza kufika mita 16. Lakini mkondo wa kutoka, yaani maji yanayokuvuta toka ufuoni kwenda baharini, upo hata pasipo na kupwa kwa maana, mradi kuna mawimbi. Utauona kama njia ya maji meusi kidogo ambapo mawimbi hayavunjiki, na wageni hupachagua kwa sababu panaonekana pametulia. Ukikuvuta usishindane nao: elea, punga mkono, ogelea sambamba na ufuo mpaka uachiwe, ndipo urudi kwa mshazari.

Aliyeniomba nimpangie ratiba: taja kwanza tarehe, ufuo na upande unaotazama. Bila hivyo siandiki saa hata moja.