Naombeni ushauri: mdogo wangu amefungwa kamba nyumbani, sindano yake imekosekana zahanati

Binti wa Bahi

Ndugu zangu, salaam. Naandika nikiwa kwenye cherehani, mteja akija naacha, mnivumilie maelezo yakirukaruka.

Nashona nguo hapa Dodoma mjini, Majengo. Nyumbani ni kijijini, wilaya ya Bahi. Nina mdogo wangu wa kiume, ana miaka 24. Mwaka jana wakati wa kuvuna mpunga alianza kukosa usingizi, siku tatu, siku nne, macho makavu. Akawa anasema redio ya jirani inamtaja jina. Chakula cha mama akakikataa, kimetiwa kitu. Tukamleta hospitali huku mjini, akalazwa wiki kadhaa, akapata nafuu kabisa. Alirudi akalima, akaanza kumtania bibi kama zamani. Walimwandikia vidonge vya kila siku na sindano ya kila mwezi, tukaambiwa aendelee kuvipata karibu na nyumbani.

Hapo karibu na nyumbani ndipo mambo yalipoharibika. Zahanati wakasema sindano hiyo hawana. Kituo cha afya wakasema rudini wiki ijayo, tukarudi, wakasema wiki ijayo. Kumleta mjini ni pikipiki mpaka lami, kisha basi, kisha daladala, watu wawili kwenda na kurudi, na siku ya shamba imekwenda. Mwezi wa kwanza nikatuma nauli. Wa pili sikuwa nayo. Yeye naye akaanza kusema mbona mimi ni mzima, na vidonge vinanikaza shingo. Akaviacha.

Jana nimefika nyumbani nikamkuta amefungwa kwenye nguzo ya zizi kwa kamba ya katani. Wanasema usiku alikimbia kuelekea mbugani na panga, wakaogopa. Ngozi ya vifundo vya mikono imechunika, vidole vimevimba, nzi wanatua pale pale. Nilipomshika, mkono ulikuwa wa baridi. Akaniambia, "Dada, mwambie mama nina kiu." Nikampa maji, akamaliza makopo mawili bila kupumua. Mama alikuwa jikoni, hatua kumi tu, analia.

Mama anataka aitwe mganga wa kienyeji, na tayari ng'ombe mmoja ametajwa. Baba mkubwa anasema Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili hapa Dodoma, hapana, huko anafungiwa pamoja na wauaji, na watu watasema ukoo wetu una vichaa, mabinti hawataolewa. Mimi nataka arudi hospitali. Nianzie wapi? Bila barua ya rufaa watampokea? Akikataa kupanda gari tufanyeje? Na hizi dawa, ni za maisha yote?

Mtumishi 77

Pole sana dada. Hayo ni mapepo, dalili zote ziko wazi. Msimpeleke popote, mleteni kwenye maombi ya siku saba, na dawa aziache kabisa maana zinazuia uponyaji.

Nesi Mstaafu

Binti yangu, pole. Nimehudumia wagonjwa wa akili miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo soma haya taratibu na umpigie mama simu leo, usingoje kesho.

Kamba kwanza. Vidole vilivyovimba na mkono wa baridi maana yake damu haipiti vizuri. Akikaa hivyo anaweza kupoteza mkono, na ugonjwa ukapona ukamwacha kilema. Mfungueni. Ondoeni mapanga, majembe, shoka, dawa za mifugo na za shamba, mkavifungie mbali. Akae na watu wawili anaowapenda, si kumi. Kundi la watu linamtisha. Asipigiwe kelele, asibishiwe kuhusu redio. Mwambieni tu, "Tunaona unateseka, twende ukapumzike." Mpeni maji na uji kidogo kidogo, na mama aonje mbele yake.

Pili, mkifika apimwe malaria na sukari pia. Nimeona vijana walioletwa kama vichaa, kumbe ni malaria imepanda kichwani. Yeye ana historia, lakini historia haizuii malaria.

Rufaa isikuchelewesheni. Mgonjwa wa dharura hupokelewa kwanza. Bebeni karatasi aliyopewa siku ya kuruhusiwa na maganda ya dawa, hata kama yako matupu. Msimpe vidonge vingi kwa pamoja eti kufidia siku zilizopotea.

Akikataa kupanda gari: Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inatambua kwamba mgonjwa aliyefika mahali pa kutojiamulia anaweza kupelekwa hospitali na ndugu zake. Mwone mtendaji wa kijiji awaandikie barua na, ikibidi, awape watu wa kusaidia. Polisi wawe wa mwisho, kwa sababu ya panga tu. Huyo ni mgonjwa.

Shingo kukaza ni kweli, hakuwa anadeka. Baadhi ya dawa hizi hukaza misuli, ulimi ukawa mzito, macho yakapanda juu, mate yakatoka. Ipo dawa ya kulegeza, au daktari atabadilisha aina. Wagonjwa wengi huacha kwa sababu hii na hawasemi, ndugu wanaona ni ukaidi. Na kama amepewa klopromazini, mojawapo ya dawa hizi, avae kofia na mikono mirefu shambani, inafanya jua lichome ngozi kuliko kawaida.

Maisha yote? Si lazima. Aliyeugua mara moja kwa kawaida huendelea na dawa angalau mwaka mzima baada ya kupata nafuu. Aliyerudiwa huenda zaidi ya hapo. Aamue pamoja na daktari, asiamue peke yake siku anayojisikia vizuri.

Ndugu yangu Mtumishi, mimi pia ni mtu wa kanisa, nimeomba na wagonjwa wangu usiku mwingi. Ombeni naye kitandani hospitali. Lakini kumwambia mgonjwa aache dawa, nakusihi, usiandike hivyo tena. Nimewafunika shuka watu walioambiwa maneno hayo.

Kinyozi Chang'ombe

Mimi ni mmoja wa waliolazwa Mirembe. Naandika wazi kwa ajili ya baba mkubwa wako.

Mwambie anachanganya. Wanaopelekwa kwa amri ya mahakama, wenye kesi, wanakaa Isanga, sehemu yao peke yao. Mgonjwa wa kawaida analazwa wodini, anakula, anaongea na daktari, anarudi kwao. Nilipotoka, mtaani kila mtu alijua. Wateja wawili walihama kiti changu, waliogopa wembe. Mmoja amesharudi. Nimeoa, nina mtoto.

Kinachonisaidia ni hiki: mke wangu anazungushia kalamu ya wino mwekundu tarehe ya kliniki kwenye kalenda ya ukutani, na wiki moja kabla tunatenga nauli kwenye kopo la Blue Band. Hatusubiri dawa iishe. Usingizi ukipungua siku mbili mfululizo, yeye ndiye anayeona kabla yangu, tunaondoka. Mdogo wako akitulia, muulize mwenyewe dalili yake ya kwanza ni ipi. Anaijua.

Na usiache kumwambia kwamba ulimpa maji. Mimi nilifungwa kamba pia, siku mbili. Namkumbuka hadi leo aliyenipa maji.

Mzee wa Kata

Wenzangu wameeleza vizuri. Mimi niongeze la dawa, kwa sababu mkimtibu sasa bila kulishughulikia hilo, miezi mitatu mtakuwa hapa tena.

Zahanati huagiza dawa kupitia wilayani kwenda Bohari ya Dawa, yaani ghala la dawa la serikali, na huagiza kwa kuangalia matumizi. Mgonjwa akifika akaambiwa hakuna, akaondoka bila kuandikwa popote, kwenye makaratasi ni kama hakuja. Wakati wa kuagiza ukifika hawaagizi, kwa kuwa "hakuna mgonjwa". Ndivyo kijiji kinavyokuwa na wagonjwa watano na rafu haina kitu. Kwa hiyo aandikwe kwenye daftari kwa jina na aina ya dawa. Kisha nenda halmashauri, ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, uliza mratibu wa afya ya akili. Mweleze, acha namba yako. Dawa ikipatikana ikawekwa zahanati, hiyo sindano ni kazi ya dakika tano.

Gharama zikiwalemea, muone afisa ustawi wa jamii hospitalini kabla ya kulipa. Magonjwa sugu ya akili yamo kwenye makundi ya msamaha. Barua ya mtendaji itasaidia.

Inauma kwamba tunaishi mkoa mmoja na hospitali ya taifa ya afya ya akili, iliyopo tangu enzi za Mwingereza, na mtu wa Bahi anafungwa kamba kwa kukosa sindano moja.

Binti wa Bahi

Nimewasomea mama na baba mkubwa majibu yenu kwa simu, spika imewashwa. Ya Kinyozi walitaka niyarudie.

Kamba zilifunguliwa jana jioni. Mama alimwosha vidonda kwa maji ya chumvi, mdogo wangu akalala kidogo akiwa amemshika mama kanga. Asubuhi akakataa gari, akakubali alipoambiwa mimi ndiye nitampokea stendi. Baba mkubwa alikaa naye kiti kimoja njia nzima. Amepimwa, ana malaria pia, amelazwa. Shingo nimeitaja mwenyewe, daktari ameandika dawa nyingine. Ng'ombe bado yuko zizini.

Mratibu wa wilaya nimempata kwa simu. Amesema niende Jumatatu, na kama nina majina ya wagonjwa wengine wanaotumia sindano hiyo upande wetu, niyalete, agizo litakuwa na uzito. Kwa hiyo mwenye ndugu anayechomwa sindano ya kila mwezi kijijini huko Bahi, aniandikie inboksi kabla ya Jumapili jioni. Jina sitamwonyesha mtu mwingine zaidi ya mratibu huyo.