Waya wa spika unaweza kuharibu mpangilio wa sauti ya stereo? Naomba ushauri kabla sijatoa laki tatu

MpendaDansi
Wakuu, heshima kwenu. Nina spika mbili za omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) sebuleni na amplifaya ya kawaida. Ya kushoto imekaa kwenye kona ya ukuta, waya wake mita 2. Ya kulia iko karibu na korido, waya wake umezunguka sebule nzima, mita 8, na una kiungo nyuma ya kabati. Zote ni ule waya mwembamba wa 0.75, yaani milimita mraba 0.75.

Shida ni hii: nikikaa kwenye kochi katikati, mwimbaji haonekani amesimama wapi. Sauti imetanda tu, mara kushoto, mara kama inatoka nyuma yangu, na besi imepwaya. Nimeweka hata dansi za zamani zilizorekodiwa mono, yaani kushoto na kulia sauti ni ile ile, ambazo mwimbaji anatakiwa akae katikati kabisa. Hali ni ile ile. Muuzaji ananiambia ninunue waya wa laki tatu, eti ndio utakaopanga sauti. Ni kweli?

Baba_Tweta
Mkuu, nunua. Mimi nilibadilisha waya mwaka jana na siku hiyo hiyo mwimbaji alikaa mahali pake. Wanaosema waya ni waya tu hawajasikiliza kwa utulivu.

FundiMsumari
Tuliza hela kwanza, ndugu yangu. Nimekupigia hesabu. Waya wa 0.75 wa mita 8, kwenda na kurudi ni mita 16, unakuwa na ukinzani wa kama omu 0.37. Ule wa mita 2 ni kama 0.09. Kwa spika ya omu 8, upande wa kulia unapungua takriban desibeli 0.3 kuliko wa kushoto. Hiyo inaweza kumsogeza mwimbaji kidogo sana, ila haiwezi kumpoteza.

Na usidanganywe kwamba waya mrefu unachelewesha sauti. Umeme unapita humo kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo mita 6 za ziada ni sehemu 30 za bilioni za sekunde. Masikio yetu hutofautisha kushoto na kulia kuanzia kama sehemu 10 za milioni za sekunde, yaani zaidi ya mara 300 ya hapo. Ukisogeza kichwa sentimita moja tu umeshabadilisha muda kuliko waya wowote utakaonunua.

Sauti kutanda pamoja na besi kupwaya ni dalili ninayoijua: spika moja imefungwa kinyume, chanya kwenye hasi. Koni moja (ule utando wa spika unaotikisika) inasukuma hewa, nyingine inavuta. Zima amplifaya, chomoa ncha za waya kwenye amplifaya, gusisha betri ya volti 1.5, chanya yake kwenye waya uliotoka chanya ya amplifaya, kwa nusu sekunde huku mtu anaangalia koni. Zote mbili zitoke nje. Ikirudi ndani moja, umempata mchawi.

MpendaDansi
Kijana wangu aliangalia, mimi nikashika betri. Kushoto koni ilitoka. Kulia ikarudi ndani! Nimefungua kile kiungo cha nyuma ya kabati: nyaya zote nyeusi, moja ina mstari mweupe mwembamba ambao sikuuona nilipounga usiku umeme umekatika. Shaba chini ya selotepu imeota kijani. Nimekata, nimemenya upya, nimeunga sawasawa. Wakuu, besi imerudi na mwimbaji yupo! Ila bado ameegemea kushoto kama hatua moja.

FundiMsumari
Badilishana nyaya: wa kulia uende kushoto. Akihamia upande mwingine, kosa ni la waya. Akibaki alipo, si waya, huenda ni chumba.

MpendaDansi
Amebaki kushoto.

Dada_Kinubi
Basi ni hiyo kona. Ukuta unairudishia spika ya kushoto sauti yake, ya kulia inamwagika koridoni. Itoe konani kama nusu mita, na spika zote ziwe umbali sawa na kochi. Pima kwa futi, usikadirie kwa macho.

Baba_Tweta
Nimekaa nikafikiri. Waya wangu wa zamani nao ulikuwa na kijani kwenye ncha, na nilipoweka mpya nilikaza kila kitu upya. Huenda ndicho nilichosikia. Kaka, samahani kwa haraka yangu.

MpendaDansi
Hamna neno kaka. Nimevuta spika sentimita 60. Mwimbaji sasa yuko juu ya meza ya redio, naweza kumnyooshea kidole. Mke wangu amekaa kochini hajainuka. Kesho nanunua waya wa 2.5 wa kawaida, kipande kimoja kila upande, nisiwe na kiungo tena.

FundiMsumari
Sawa kabisa. Kwa 2.5 mita zako 8 zinabaki na kama omu 0.11. Ila kwangua kwa kisu kabla hujalipa, kuna nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba juu. Zinapitisha umeme vibaya zaidi na hukatika haraka kwenye skrubu.

MpendaDansi
Nimerudi kutoka dukani. Wa kwanza ulikuwa mweupe ndani, nikaurudisha. Huu niliochukua ni mwekundu mpaka katikati.