Naombeni ushauri: dozi ya vidonda vya tumbo imenishinda, nihamie kwenye mizizi?

Mchumia Juani: Ndugu zangu, kwa miaka sita nimeteswa na kiungulia na maumivu ya chembe. Nilikutwa na bakteria wa H. pylori, nikapewa dozi ya siku 14, lakini vidonge viliufanya mdomo uwe mchungu kama shubiri, nikaviacha siku ya sita. Je, mizizi itatosha?

Mama Wawili: Pole, kaka. Mimi nilikunywa juisi ya kabichi mwezi mzima. Kiungulia kilibaki, mume ndiye aliyekimbia harufu.

Nesi Mstaafu: Kabichi isubiri. Ulipimwa kwa choo, kwa pumzi au kwa kamera?

Mchumia Juani: Kwa kamera, wakakata na kinyama. Majibu yanasema limfoma ya MALT, yaani saratani ya seli za kinga kwenye utando wa tumbo, hatua ya kwanza. Sikutaja kwa sababu ingekuwa saratani kweli, daktari asingenipa amoksisilini. Isitoshe, mganga nimeshamlipa nusu.

Nesi Mstaafu: Hapo ndipo unapojidanganya, mwanangu. Tumbo lenye afya halina tishu ya limfu. Bakteria hawa wakikaa miaka mingi huziita seli za kinga, na seli B, aina mojawapo ya seli hizo, huzaliana bila kupumzika hadi ukoo mmoja wa seli unapogeuka saratani, ambayo mwanzoni bado hutegemea uchochezi wa bakteria walewale. Ndiyo maana hutibiwa kwa antibayotiki: mwaka 1993 mtafiti Wotherspoon na wenzake walieleza wagonjwa 6, na kwa 5 kati yao limfoma haikuonekana tena baada ya bakteria kuondolewa. Wapo wasioitikia, hasa wenye hitilafu fulani ya kromosomu, kwa hiyo kamera hurudiwa.

Mzee wa Kijiwe: Samahani, mwezi uliopita mtu huyuhuyu aliuliza haya kwa niaba ya shemeji yake. Huu uzi umetungwa, na kesho tutatajiwa bei ya mizizi.

Mama Wawili: Kumbe! Na mimi nimeshamwombea dua.

Mchumia Juani: Shemeji ni mimi. Niliona aibu, na mke wangu bado hajui. Mizizi siuzi, nimeuziwa. Vidonge vya siku nane vipo kabatini, niendelee navyo?

Nesi Mstaafu: Usiviendeleze kiholela, maana bakteria waliobaki huenda wameshazoea dawa. Vichukue pamoja na majibu ya kinyama, umrudie daktari kesho, umwambie siku uliyoacha. Na mkeo aende nawe.