Kila apdeti ya 7 Days to Die inatuzibia njia. Nimechoka!

Wadau wa gemu Kampala, Jinja, Arua, Busia na kwingineko, naanzisha uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Anayeipenda gemu hii kama ilivyo sasa aje tubishane, lakini asome mpaka mwisho kwanza.

Kwa wasioijua: 7 Days to Die ni gemu ya kunusurika na mazombi katika kaunti ya kubuni iitwayo Navezgane, huko Arizona, Marekani. Kila usiku wa saba mwezi unakuwa mwekundu na mazombi yanakufuata popote ulipojificha. Siku za katikati unasaka chakula, unachimba, unajenga ngome. Ilianza kuuzwa Desemba 2013 ikiwa bado haijakamilika, na toleo la 1.0 likatoka Julai 2024. Ndani ya miaka hiyo mfumo wa kukuza mhusika wako umebomolewa na kujengwa upya zaidi ya mara moja, na kila mara kinachopungua ni kilekile: sababu ya kwenda mahali usipopajua.

Katika Alpha 16 (Alpha ni jina la matoleo ya kabla ya 1.0), mwaka 2017, ulijifunza kwa kutenda. Ukichimba, ujuzi wa kuchimba unapanda. Ukipiga rungu, mkono wa rungu unakomaa. Kundi letu lilikuwa na raha sana wakati ule. Mwenzetu wa Arua alikuwa haonekani juu ya ardhi, yeye ni chuma na makaa tu. Mwingine alijenga kuta. Mimi nilikuwa mtu wa kutembea: naondoka asubuhi na upinde na nyama ya kuchoma, narudi na habari za mji ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuuona. Kila mmoja alikua kwa kazi aliyoichagua mwenyewe. Kweli, walikuwepo watu waliokaa wakitengeneza mashoka ya mawe kwa mamia ili kupandisha ujuzi bila jasho. Dawa ya hilo ilikuwa kupunguza faida ya mashoka. Badala yake, mwishoni mwa 2018 ikaja Alpha 17 na mfumo wote ukang'olewa. Sasa ua zombi, pata pointi, nunua ujuzi wowote unaoutaka. Mchimbaji na mpishi wakawa mtu mmoja.

Tulinung'unika, tukazoea. Alpha 20 ilipotoka Desemba 2021 gemu ilikuwa imetulia vizuri, na bado naihesabu kuwa toleo lililopata uwiano bora kuliko yote yaliyofuata.

Halafu Juni 2023, Alpha 21. Hapa ndipo hasira yangu ilipoanza kwa dhati. Sasa huwezi kujua kutengeneza kitu mpaka usome majarida. Unataka kusonga mbele na tanuri la mhunzi? Tafuta jarida la Forge Ahead, tena si nakala moja, nakala nyingi. Baiskeli, bunduki, dawa, vyote vivyo hivyo. Wanaotetea mfumo huu wanasema unamlazimisha mtu atoke akachunguze dunia. Si kweli! Unamlazimisha akague masanduku ya barua na maduka ya vitabu. Nimepita mitaa mizima ya gemu hii nikifungua sanduku la barua la kila nyumba bila kuingia ndani, kwa sababu ndani hakuna ninachokihitaji kama majarida. Mwenzetu wa Arua alichimba mpaka akachoka, na ustadi wake wa kutengeneza sululu nzuri ukabaki palepale kwa sababu hakuna aliyemletea kitu cha kusoma. Mtu ameishi mgodini, halafu gemu inamwambia hajui sululu.

Apdeti hiyohiyo ikaondoa chupa tupu. Zamani ulikwenda ziwani na chupa zako, ukachota, ukachemsha kwenye moto, ukanywa. Alpha 21 ikakuachia uiname unywe kwa viganja, uumie tumbo, lakini kuchota na kubeba hapana. Ukitaka maji ya uhakika ujenge chombo cha kukinga umande, na chujio lake ukalinunue kwa mfanyabiashara. Jamani, sisi tunatoka nchi ambayo mtoto wa darasa la kwanza anabeba dumu la maji kutoka kisimani. Nani anaweza kunishawishi kwamba mtu aliyenusurika mwisho wa dunia, anayejua kufua chuma, hawezi kubeba maji kwenye chombo? Na angalia athari yake kwa safari. Ziwa lilikuwa jambo la maana kwenye ramani. Ukiliona unafurahi, unaweka kambi karibu nalo. Walipoondoa chupa, ziwa likawa pambo, na safari zote zikaelekea kwa mfanyabiashara. Watu walipiga kelele zaidi ya miaka miwili ndipo watengenezaji wakatangaza kwamba chupa zinarudi. Zaidi ya miaka miwili kwa ajili ya chupa!

Majengo nayo sitayasemea sana, kila mmoja anayaona. Mengi yamekuwa na njia moja iliyowekewa taa: fuata taa, pambana, fika chumba cha mwisho, chukua mzigo. Nyumba nzuri kweli, waliozichora wana vipaji, lakini ukishapita moja unajua nyingine itakupeleka wapi.

Sasa tuje kwenye toleo la 2.0 la mwaka 2025, lile walilolipa jina la Storms Brewing. Dunia imegawanywa kanda kwa kanda: msitu wa misonobari, msitu ulioungua, jangwa, theluji, na ile nyika ya mionzi. Toleo hilo lilipotoka, ukiingia kanda ngumu bila ruhusa, baada ya muda mfupi ulianza kupoteza afya. Ili upite, ulikunywa smuthi ya kukulinda kwa muda, au ulimaliza orodha ya majukumu upate beji, na ukishapata beji moshi au baridi ya kanda hiyo haikukugusa tena. Beji! Baridi ya theluji ikazuiwa na beji!

Kabla ya hapo, ukitaka kwenda kwenye theluji ulivaa koti, ukabeba kuni, ukawasha moto usiku. Jangwani ulivua, ukabeba maji. Maandalizi yale ndiyo yaliyokuwa ujuzi wenyewe. Mchezaji jasiri angeweza kukimbilia nyika ya mionzi siku ya pili kwa miguu, akafa au akarudi na bunduki ambayo kundi zima linaizungumzia wiki nzima. Hiyo hatari aliichagua yeye. Toleo la 2.0 likafunga mlango, na ufunguo ukawa orodha ya kazi za nyumbani. Kwa mtu kama mimi niliyependa gemu hii kwa ajili ya kutembea, huko kulikuwa kunifukuza.

Najua kuna atakayejibu, "Mkuu, zima hiyo kitu kwenye mipangilio." Nilizima. Ukizima, kilichobaki kilikuwa utupu. Makoti na jua havikuwa tena na uzito viliokuwa nao, kwa hiyo jangwa na theluji vilitofautiana rangi tu. Walibomoa nyumba, wakajenga geti, kisha wakatupa uhuru wa kuliondoa geti.

Na haya yote sisi wa Uganda tunayalipia mara mbili. Bei ya gemu kwenye kompyuta ilipanda kutoka dola 24.99 hadi 44.99 ilipofika 1.0, hiyo ni zaidi ya shilingi 150,000 za kwetu. Kisha kila apdeti kubwa ni gigabaiti nyingi za kushusha, na tangu Julai 2021 data yetu ina ushuru wa asilimia 12 juu yake. Mtu anajibana, ananunua bando, anakesha akiomba umeme usikatike, halafu asubuhi anakuta dunia aliyoijenga na wenzake haifai tena, lazima aanze upya. Tena aanze upya katika mfumo wenye uhuru mdogo kuliko ule aliouacha jana. Mtengenezaji ana haki ya kurekebisha gemu yake. Lakini aliyenunua 2013 au 2017 alinunua dunia iliyo wazi, na haki yake nayo ihesabiwe.

Sisi tumerudi Alpha 20. Steam, duka la mtandaoni tunakonunulia gemu, inaruhusu: fungua sifa za gemu, ingia sehemu ya betas yenye matoleo mengine, chagua toleo unalolitaka, kisha weka apdeti zisubiri mpaka ufungue gemu. Wenye gemu kwenye akaunti zao wanaweza kunakiliana folda kwa diski ya nje badala ya kila mtu kuchoma data yake. Seva yetu inafunguliwa Ijumaa na Jumamosi usiku, nafasi zipo, Kiswahili tu. Watu wa Mbale na Gulu, seva zenu ziko toleo gani?