Vizazi vya kompyuta tunakaririshwa vya nini wakati mwanafunzi hajui faili lake limekaa wapi?

Wakuu, hili linakera na lisemwe.

Shule nyingi somo la kompyuta linaanza na historia: kizazi cha kwanza mirija ya vakyumu, cha pili transista, cha tatu saketi unganishi, cha nne maikroprosesa. Mwanafunzi anachora CPU (ubongo wa kompyuta) kwenye daftari na anapata A. Akimaliza shule anakwenda steshenari kufunguliwa barua pepe, nywila inabaki kwa mwenye steshenari, na siku ya kuitwa kwenye usaili hana pa kuisomea. Huu ni uonevu kwa mtoto!

Historia inatosha kipindi kimoja. Muda uende kwenye faili. Windows kwa kawaida huficha kiambishi cha jina (herufi za mwisho zinazoonyesha aina ya faili), kwa hiyo Matokeo.pdf.exe, ambayo ni programu na si PDF, huonekana kama Matokeo.pdf, mtoto anabofya, mashine inaugua. Fungua File Explorer, ingia View, weka tiki kwenye File name extensions (Windows 11 utapitia Show kwanza). Ni dakika moja.

Flashi nayo: folda zikigeuka njia za mkato (shortcut), wengi wanaiformati na kazi yote inapotea. Faili zipo, kirusi kimezificha tu. Safisha mashine kwa antivirusi kwanza, kisha fungua cmd (dirisha la kuandikia amri) uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E.

Excel ndiyo aibu kubwa. Namba ya simu inapoteza sifuri ya mwanzo kwa sababu seli haikuwekwa Text kabla ya kuandika. Halafu kuna kosa baya zaidi: alama zilizoingia kama maandishi hukaa kushoto mwa seli, na =SUM(C2:C46) huziruka kimya kimya. Jumla inatoka pungufu na hakuna anayeshtuka. Ukiburuta =B2*F1 kwenda chini, F1 inakuwa F2, ambayo ni tupu, unapata sifuri; andika $F$1 ili isihame.

Wanaopigia kelele kuandika programu tangu mwanzo, sawa, Scratch (ya kujifunzia programu kwa kupanga vipande) inafanya kazi bila intaneti. Ila asiyejua njia ya faili (anwani ya mahali lilipo) akifika kwenye lugha ya Python atakutana na FileNotFoundError, yaani faili halikupatikana, na kukwama hapo hapo.

Na msiniambie mashine hazitoshi. Mashine 10 kwa wanafunzi 50 ni watano kila moja. Kipindi cha dakika 80 kinampa kila mmoja dakika 16. Wanaosubiri waandike fomula kwenye karatasi na kukisia jibu kabla ya mwenzao kubonyeza Enter.

Simu hapa Tanzania zipo karibu kila nyumba, basi wafundishwe kutotaja PIN kwa yeyote, kupiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao, na kutuma 15040 namba ya tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Wanaotunga mtihani, alama nyingi ziwe za mikono. Mpeni mtahiniwa orodha ya majina 40 iliyovurugika, yenye namba zilizoingia kama maandishi. Aisafishe, aijumlishe, aipange, aitoe PDF ndani ya saa moja. Hapo walimu wataacha wenyewe kufundisha mirija ya vakyumu wiki nzima.