Kikundi cha Ukoo wa Mwembeni: Picha za Palermo na Harusi ya Disemba

Jumapili

Mama Swafiya: Asalam aleikum ukoo mzima. Tumerudi salama jana usiku, miguu yaniuma lakini roho nyeupe. Hizi ni picha za Palermo, kusini kabisa mwa Italia, kisiwa cha Sisilia. (picha 14)

Bi Harusi: Maashallah dada! Hiyo ya treni ndani ya meli ni kweli ama mmeichezea?

Baba Swafiya: Ni kweli shemeji. Treni ya usiku ya Roma inafika mahali paitwapo Villa San Giovanni, nchi kavu inaishia hapo. Meli inafungua mdomo, na ndani yake mna reli. Wanaikata treni vipande, wanaisukuma ndani kipande kimoja kimoja, mabehewa yanapangwa ubavu kwa ubavu. Wewe uko kwenye kiti chako gizani wasikia tu chuma kwa chuma. Kuvuka kwenyewe ni kama nusu saa, mahali pembamba pa mlango ule wa bahari ni kilomita 3 tu. Kukata na kuunga mabehewa ndiko kunakokula muda.

Kaka wa Likoni: Na mimi hapa kila siku nalalamikia foleni ya feri!

Mama Swafiya: Swafiya alivyoona akasema "mama, Likoni ya treni". Kumbe anakumbuka Likoni. Aliondoka ana miaka mitano.

Bibi Swafiya: Mungu amuweke mjukuu wangu.

Shangazi: Picha ni nzuri, Mungu awazidishie. Lakini nina neno, na nitalisema hapa mbele ya watu wote, sitalipeleka pembeni. Miaka mitatu hamjatia mguu Malindi. Idd zimepita, tumezika, tumezaa. Mdogo wenu anaolewa tarehe 27 Disemba. Nikiuliza kama mwaja, jibu ni "tunaangalia". Leo naamka naona mko kisiwani mwala bajia. Kutembea kwapatikana, kuja nyumbani ndiko hakupatikani?

Bibi Swafiya: Wifi, taratibu.

Shangazi: Sigombani, wifi. Nasema kwa uchungu. Wewe usiku hulali, na mimi najua.

Bi Harusi: Shangazi tafadhali, mimi sijamlaumu mtu.

Shangazi: Wewe huwezi kulaumu, ndiyo maana nasema mimi.

Mama Swafiya: Shangazi, una haki ya kuuliza. Kosa ni langu, nimekuwa nikijibu neno moja ili nisiwatie wasiwasi. Wacha nieleze leo nimalize.

Kibali chetu cha kukaa kilikwisha Septemba. Hapa huendi ofisini ukagongewa muhuri ukarudi nyumbani. Unachukua bahasha ya fomu posta, unajaza, unabandika stempu ya serikali ya euro 16, unatia mkataba wa kazi, karatasi za mshahara na za nyumba, unairudisha posta. Wanakupa risiti, na siku ya kwenda kutoa alama za vidole. Siku yetu ni Februari. Hadi hapo kitambulisho chetu ni risiti, nimeitia kwenye plastiki isichanike mikunjo, natembea nayo pamoja na kibali kilichokwisha.

Kaka wa Likoni: Na risiti haikubali kusafiri?

Baba Swafiya: Yakubali kutoka Italia kwenda kwenu na kurudi Italia moja kwa moja, ukiwa na pasipoti, risiti na kibali cha zamani. Haikubali kupitia nchi nyingine ya Schengen, zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, hata ukisema nashuka uwanjani nabadilisha ndege tu. Na tiketi za bei ya chini zote tulizoziona zapitia Amsterdam, Frankfurt ama Paris. Jirani yetu Msenegali alikata ya kupitia Paris, akazuiwa kwenye kaunta na mizigo yake. Alikuwa anakwenda kuzika. Alirudi na masanduku yale yale, tukampikia sisi.

Shangazi: Laa ilaha illa llah.

Mjomba Maskati: Basi msipite Ulaya. Mbona njia ziko? Piteni Addis, piteni Doha, ama njooni huku kwangu Maskati mpumzike siku mbili.

Baba Swafiya: Mjomba, njia tuliyoipata ni Roma, Addis, Mombasa. Hiyo risiti yaikubali. Lakini ni Disemba, na tuko watatu. Bei yake ni mishahara miwili ya mke wangu na kitu juu.

Shangazi: Hilo la risiti sikulijua. Mngesema.

Mama Swafiya: Ndiyo shangazi. Ningesema.

Na la Palermo nilieleze pia, lisibaki moyoni mwako. Ile treni tumekaa kwenye viti usiku kucha, vitanda tumeviacha kwa wenye navyo. Tarehe 1 Novemba hapa ni sikukuu ya watakatifu wote, mtoto wa Nonna, yule bibi ninayemtunza, akaja kukaa na mamake, akaniambia chukua siku nne. Nonna ana miaka 91. Tangu Machi sijalala usiku mmoja bila sikio moja kuwa kwenye kengele yake. Anaamka saa nane akimwita mumewe aliyekufa, namshika mkono mpaka usingizi umrudie. Nampenda, naye ananipenda. Lakini nilikuwa nimechoka mpaka nasahau majina ya vitu kwa Kiswahili. Siku moja nimesimama jikoni natafuta neno "mwiko", halikuja. Nikalia. Baba Swafiya ndiye akasema twende kusini, watu wasema kule kunafanana na kwetu.

Bibi Swafiya: Mwanangu.

Bi Harusi: Na kulifanana?

Mama Swafiya: Soko lao laitwa Ballarò. Muuza samaki anapiga kelele kwa kuimba, kama yule mzee wa changu pale sokoni kwetu. Kuna komamanga, kuna mabilingani, kuna ndimu na majani yake. Kwenye kona pana baba mmoja na karai la mafuta. Ameutandaza unga wa dengu ulioiva, umekuwa kama karatasi nzito, anaukata, anautumbukiza, unafura na kubadilika rangi. Anauopoa, anautia ndani ya mkate wenye ufuta, anakamulia limau. Wao wasema panelle. Nilipouma, nikamtazama baba Swafiya, na yeye alikuwa ananitazama. Ni unga ule ule wa bajia, shangazi. Hiyo ndiyo bajia uliyoiona kwenye picha.

Shangazi: Na hata pilipili hawakutia?

Mama Swafiya: Hata kidogo. Limau na chumvi.

Shangazi: Maskini.

Baba Swafiya: Mjomba Maskati, picha ya tisa ni yako. Ifungue kubwa.

Mjomba Maskati: Naona nguzo. Ngoja nivae miwani.

Mjomba Maskati: Subhanallah. Hii si khati ya Kiarabu?

Baba Swafiya: Ndiyo. Hilo ni kanisa kuu la Palermo, mlango wa kusini, nguzo ya kushoto. Palermo ilikuwa mikononi mwa Waislamu kuanzia mwaka 831 hadi Wanormani, Wakristo waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka 1072. Kanisa lilijengwa mwaka 1185 mahali palipokuwa na msikiti, na nguzo hii ikabaki na aya yake, Suratul A'raf, ile ya Mola aliyeumba mbingu na ardhi kwa siku sita. Miaka yote hiyo hakuna aliyeichonga ikatoka. Watu wanaingia kusali misa wakipita kando yake.

Mjomba Maskati: Aya ya 54. Naitafuta herufi kwa herufi. Leo umenifaidi sana.

Baba Swafiya: Niliigusa kwa kidole. Imelainika kwa kuguswa na watu wengi. Nilisimama pale mpaka mke wangu akanivuta mkono.

Mama Swafiya: Na maneno mjomba! Kitaliano cha kaskazini nilikisoma kama mlima, kumbe nusu ya jikoni nilikuwa nayo. Zafarani wasema zafferano, sukari zucchero, limau limone. Nimenunua zabibu kavu za kisiwa cha Pantelleria, muuzaji akaniambia hizi ni zibibbo. Nikamwambia kwetu ni zabibu. Akaita mkewe aje asikie. Tukabaki tunatajiana majina ya vitu vilivyo mezani, yeye kwa chake, mimi kwa changu, wateja wanangoja.

Mjomba Maskati: Zabiib. Mwarabu alilishusha huko na kwetu pia.

Kaka wa Likoni: Kumbe Kitaliano cha Malindi hakikutosha?

Baba Swafiya: Kilinivusha mlango, bwana. Miaka sita ya kuwapelekea wageni Waitaliano chakula pale ufukweni ilinipa salamu, hesabu na menyu yote. Lakini ghalani ninapofanya kazi wazee wanazungumza lahaja yao ya Emilia, huku kaskazini tunakokaa. Miezi ya kwanza nilikuwa naitikia tu. Sasa nawaelewa hadi matusi.

Bi Harusi: Na hayo matunda ya picha ya mwisho, mbona yang'aa hivyo?

Mama Swafiya: Si matunda hayo, ni lozi zilizosagwa na sukari, zikafinyangwa na kupakwa rangi. Wanawapa watoto wakati huu wa kuwakumbuka wafu wao, tarehe 2 Novemba. Swafiya alichagua komamanga. Amekataa kulila, asema ni la Bibi.

Swafiya (ujumbe wa sauti, kupitia simu ya mama): Bibi, melagrana yako iko kwa frigo. Mimi nitaleta. Sili. Nakupenda tanto tanto, sana.

Bibi Swafiya: Nimeisikiliza mara nne. Nusu sikuelewa. Mleteni mtoto, Kiswahili chake kitakwisha.

Kaka wa Likoni: Dada, hebu twende kwenye hesabu. Likizo unayo?

Mama Swafiya: Kwa mkataba wetu wa wahudumu wa nyumbani ni siku 26 za kazi kwa mwaka. Mwaka jana nilichukua chache sana.

Kaka wa Likoni: Zilizobaki zimeliwa?

Mama Swafiya: Mkataba wasema mfanyakazi mgeni anayetaka kwenda kwao anaweza kukusanya za miaka miwili, mwajiri akikubali. Sijawahi kuomba. Naona nikiomba ni kama namkimbia Nonna. Na Krismasi ndipo familia yake yote inapokuja kula tortellini, vile vipande vya unga vilivyokunjwa na kijazo ndani.

Shangazi: Mwanangu, sikiliza. Umeolewa, umezaa, unamlea mzee wa watu usiku na mchana, na mdogo wako anaolewa mara moja. Muombe. Akikataa, sitakuuliza tena, na yeyote atakayekuuliza atanikuta mimi.

Mama Swafiya: Inshallah kesho.

Bi Harusi: Dada, hata msipoweza mimi sitanuna. Lakini nataka unipake hina wewe.

Jumatatu

Bibi Swafiya: Kumekucha. Amejibu nini?

Mama Swafiya: Mama, hata kahawa sijaweka jikoni!

Bibi Swafiya: Weka, kisha muulize.

Mama Swafiya: Haya, nimemuuliza. Kaeni niwasimulie.

Jumatatu huwa tunasukuma donge pamoja, yeye ameketi, mimi nimesimama. Ana mti wa kusukumia mrefu karibu mita moja, wa mamake. Mikono yake yatetemeka akishika kikombe, lakini akishika mti ule inatulia. Anasukuma mpaka unga unapenya mwanga wa dirisha. Kisha anakata vipande vya mraba, anatia kijazo, anakunja pembetatu, anazungushia kwenye ncha ya kidole na kubana. Kukunja nilijifunza siku moja, kwa sababu mkono wangu wajua sambusa. Vyake vya asili vina nguruwe, basi vyetu anavitengeneza vya boga na jibini, na anaviweka kwenye kitambaa chake mbali visichanganyike. Hajawahi kukosea hata siku moja.

Nikamwambia, Nonna, mdogo wangu anaolewa tarehe 27 Disemba. Akaacha mti. Akauliza, umelijua lini? Nikasema tangu Juni. Akanyamaza sana mpaka nikaogopa. Kisha akasema, "Tangu Juni unapika na mimi kila siku na hukuniambia?" Machozi yamemlenga. Nikamwambia niliona utabaki peke yako. Akasema mumewe alikwenda Ubelgiji kuchimba makaa ya mawe baada ya vita, akakosa kumzika mamake, na mpaka anakufa alikuwa akilitaja. Akaniambia niende, na akampigia mwanawe simu mwenyewe, mimi bado nina unga mikononi.

Shangazi: Mungu ampe mwisho mwema mama huyo.

Kaka wa Likoni: Amin. Na mwanawe?

Mama Swafiya: Amekubali. Yeye na dadake watakaa naye zamu zamu mpaka nirudi. Shule zafunguliwa baada ya tarehe 6 Januari, kwa hiyo Swafiya hapotezi mengi.

Baba Swafiya: Na Disemba hapa kuna mshahara wa 13, yaani wa ziada wa mwisho wa mwaka. Wake na wangu ukijumlisha, zinabaki pungufu za tiketi moja.

Mjomba Maskati: Hiyo moja ni yangu. Msinijibu. Ni hadiya ya ile nguzo.

Baba Swafiya: Mjomba, sina la kusema.

Mjomba Maskati: Sema tarehe.

Baba Swafiya: Tunatoka Roma 20, Addis, Mombasa 21. Nakata usiku huu nikitoka kazini, na risiti nazichapisha nakala tatu.

Bi Harusi: Nalia hapa na fundi wa nguo ananipima.

Bibi Swafiya: Kaka yenu wa Likoni atawapokea uwanjani. Nitakuja naye, msiniambie nikae nyumbani.

Kaka wa Likoni: Gari nimelitafuta tayari, mama.

Mama Swafiya: Jambo moja. Nonna ametoa kabatini mti mwingine wa kusukumia, alionunuliwa yeye alipoolewa. Asema ni wa bi harusi. Nimemwambia ni mrefu, begi halitafunga. Asema nitoe nguo.

Shangazi: Toa nguo. Chapati za siku ya harusi tutasukumia huo.