Tupeane uzoefu: kufufua Hilux ya zamani ya dizeli ukiwa nyumbani (2L, 3L na 5L)

Spana Kumi na Nne

Wakuu, uzi huu ni wa wenye zile Hilux za zamani za dizeli: 2L ya cc 2446, 3L ya cc 2779 na 5L ya cc 2986. Nazungumzia zisizo na turbo wala kompyuta, ambazo kazi yake kubwa inafanyika uani kwa boksi la spana, jeki na subira. Tuandike ya kiufundi tu: hatua, spea, vipimo, kinachoharibika na sababu yake. Nani alilizwa na fundi gani, tuyaache kwa uzi mwingine.

Naanza na gari lililosimama mwaka au zaidi, maana hapo injini nzima inaweza kuuawa kwa dakika moja. Usipige selfu siku ya kwanza. Mwaga tanki lote kupitia nati ya chini, kinga kwenye dumu lililokatwa, utazame kilichotoka. Maji hukaa chini, dizeli juu, na katikati mara nyingi kuna utando mweusi kama ute. Huo ni uchafu wa vijidudu vinavyoishi pale maji na dizeli vinapokutana. Ukiingia kwenye filta unaiziba ndani ya kilomita chache, na mtu anaanza kusingizia pampu. Suuza tanki, badili filta, badili oili.

Kisha fungua hita plagi (vipasha joto vya silinda) zote nne, tia oili safi kijiko kimoja cha chai kila tundu, acha ilale. Asubuhi zungusha injini kwa mkono: spana kwenye bolti ya puli ya kranki, uelekeo wa mshale wa saa, mizunguko miwili kamili. Ikigoma mahali, simama hapo hapo, usitafute bomba la kurefusha spana. Ikizunguka laini, chomoa waya wa solenoidi ya kuzimia (swichi ya umeme inayokata dizeli) iliyo kwenye pampu, piga selfu sekunde 10, pumzisha, rudia mpaka taa ya oili izime. Hapo injini imepata oili kabla ya kupata moto.

Taimingi belti huwa inabadilishwa kila kilomita 100,000, lakini mpira huzeeka hata gari likiwa limelala. Kama hujui ilifungwa lini, badili, pamoja na tenshona (kikaza belti) na springi yake. Belti ikikatika kwenye injini hizi valvu zinakutana na pistoni, na bei ya belti utaikumbuka kwa majonzi.

Mzee wa Nozeli

Mkuu umeruka kipimo kinachoamua kama mtu anunue spea au auze kwa kilo: kompresheni (msukumo wa hewa ndani ya silinda). Watu wanabadili nozeli (vinyunyizio vya dizeli), wanapeleka pampu kupimwa, wanapiga rangi, halafu ndipo wanagundua silinda ya tatu ina ringi (pete za pistoni) zilizokwisha.

Azima geji ya dizeli inayofika angalau psi (kipimo cha msukumo) 600. Ya petroli huishia 300 na ukiifunga hapa umeiua. Hita plagi zote nje, adapta inafungwa kwenye tundu la hita plagi, waya wa solenoidi umechomolewa, betri imejaa kabisa. Injini nzima inasoma karibu psi 455. Kikomo cha chini ni 284, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 71. Silinda zote zikiwa na 340 zinazolingana, hiyo injini bado inakula kazi. Tatu zikiwa na 420 na moja 290, hiyo ya pili ndiyo injini yenye tatizo, hata kama sauti yake ni tamu.

Mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya hedi (kichwa cha injini) katikati yake. Moja peke yake ikiwa chini, tia oili kidogo sana kwenye silinda hiyo upime tena: ikipanda vizuri ni ringi, isipopanda ni valvu. Nasema kidogo sana kwa sababu chumba cha dizeli ni kidogo. Ukimimina oili nyingi, namba itapanda hata kwenye injini mbovu.

Pwani_LN

Vipi gari linalowaka asubuhi, linazima baada ya dakika moja, ukipampu kwa mkono pale juu ya filta linawaka tena? Mafundi huku wote wanasema pampu.

Mzee wa Nozeli

Hewa hiyo, bwana. Pampu ya injini hizi inavuta dizeli yenyewe kutoka tanki, kwa hiyo tundu dogo njiani halivujishi mafuta nje, linanyonya hewa ndani. Ndiyo maana sakafu inabaki kavu na watu wanapotea. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, nusu mita, uufunge kati ya filta na pampu. Washa, tazama. Viputo vikipita mfululizo, rudi nyuma hatua kwa hatua: kichwa cha filta na ile pampu ya mkono (kiwambo chake cha mpira hupasuka), oringi ya filta, kitambuzi cha maji chini ya filta, vipande vya mpira vinavyounganisha bomba la chuma kwenye chasisi, mwisho kabisa bomba la ndani ya tanki lililotobolewa na kutu.

Mpira wa zamani usiuguse tu ukasema mzima. Ukunje kama unakunja kidole. Ukiona nyufa kama za udongo wa mbuga wakati wa kiangazi, tupa.

Viputo visipokuwepo hapo, tazama njia ya marejesho juu ya nozeli. Washa zake (vipete bapa vya kuzibia) ni za kutumika mara moja. Fundi akizirudisha zilezile, dizeli inarudi tanki usiku na asubuhi unapiga selfu mpaka betri ilie. Kutoa hewa: pampu kwa mkono mpaka iwe ngumu, legeza nati za mabomba pale kwenye nozeli kwa spana ya 17, piga selfu mpaka dizeli itoke bila povu, kaza moja moja.

Mnyalu wa Baridi

Niongeze hita plagi, kwa sababu ndugu zetu wa pwani huwa hawazijali. Dar injini inawaka hata zikiwa mbili zimekufa, inatoa moshi mweupe kidogo na kumisi nusu dakika. Panda nayo Makambako, kwenye baridi ya nyanda za juu, mwezi wa saba, uone.

Kupima: ondoa kwanza ule ubapa wa bati unaoziunganisha zote nne, la sivyo nzima zitaificha mbovu. Chukua taa ya kupimia, ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye kichwa cha plagi. Ikiwaka, waya wa ndani haujakatika. Isipowaka, hiyo ni maiti. Unaponunua soma volti iliyochorwa mwilini. Zipo za karibu volti 12, zipo za karibu nusu yake kwa magari yenye mfumo wa kupasha haraka. Ukifunga za volti ndogo kwenye mfumo wa kizamani, zinaungua wiki hiyohiyo, kisha unalaumu spea.

Kukaza ni Nm (nyutonimita) 13 tu, nguvu ya kifundo cha mkono. Kufungua, injini iwe na joto na uwe umelowesha nyuzi za plagi kwa oili jana yake. Plagi ikikatikia ndani, hedi itabidi ishushwe.

Spana Kumi na Nne

Na hedi ndiyo habari yenyewe. Naomba anayezijua aandike kwa kirefu.

Gereji Chini ya Mwembe

Naandika kwa kirefu basi.

Hedi za injini hizi hufa kwa joto, na ufa wake huwa hapo hapo kila siku: kati ya valvu ya kuingiza na ya kutolea. Kwa hiyo kabla ya hedi, zungumzia maji.

La kwanza, thamostati. Kuna desturi ya kuitoa "ili gari lipoe". Itoe uitazame: kama chini ina kisahani cha pili chenye springi, kazi yake ni kuziba njia ya mkato injini ikipata moto, maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku nzima, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta. Kwenye tambarare hutaona kitu. Kwenye mlima na mzigo, mshale wa joto unapanda.

Thamostati mpya au ya zamani, ipime kwa sufuria. Ining'inize kwa uzi isiguse chini, weka kipimajoto, chemsha. Nyuzi za joto zimegongwa juu yake, mfano 82. Inapaswa kuanza kufunguka karibu na namba hiyo. Ikisubiri hadi maji yachemke, au ikibaki imefumba, ni ya kutupa hata kama imetoka dukani leo.

La pili, mfuniko wa rejeta. Arusha maji ya wazi yanachemka karibu nyuzi 95, Nairobi karibu 94. Anayekuokoa ni msukumo ndani ya mfumo, na mfuniko wenye mpira uliokatika hautunzi msukumo. Ni spea ya bei ndogo kuliko zote hapa, na ndiyo inayosahauliwa.

La tatu, kapli ya feni (kiungo kinachoizungusha feni). Zima injini ikiwa ya moto, sukuma feni kwa mkono. Iwe nzito. Ikizunguka kama pangaboi, mafuta yake ya silikoni yametoka.

Dalili za gasketi au ufa: washa injini baridi, mfuniko ukiwa umefunguliwa. Viputo vinavyopanda bila kukoma ni hewa ya silinda. Au funga, washa, ubonye hozi ya juu baada ya dakika moja. Maji bado baridi lakini hozi imekuwa ngumu kama jiwe? Joto halijafika hapo, huo ni msukumo wa silinda.

Ukishusha hedi, ipeleke ikapimwe ufa kwa msukumo kabla ya kusagwa. Kusaga hedi yenye ufa ni kupoteza hela mara mbili. Halafu gasketi. Hapa ndipo kazi nyingi za uani zinapoharibikia. Gasketi ya hedi ya injini hizi ina unene wa aina tatu, alama B, D na F, zinazopishana sehemu ya kumi ya milimita. Huchagui kwa jicho. Unapima kila pistoni inavyochomoza juu ya bloku ikiwa kileleni, unachukua kubwa kuliko zote, unalinganisha na jedwali la kitabu cha injini. Nyembamba mno, pistoni inagonga hedi. Nene mno, kompresheni inashuka na gari linakuwa gumu kuwaka maisha yake yote. Kwa haraka, ukiwa hujabadili pistoni wala kusaga bloku, soma alama ya gasketi ya zamani kabla hujaitupa.

Kukaza, kwa 3L na 5L zenye bolti za pembe 12: anzia katikati ukitoka nje, Nm 78 zote kwa hatua tatu. Piga doti ya rangi upande wa mbele wa kila bolti, zungusha zote nyuzi 90, kisha zote 90 tena. Doti zote zinapaswa kutazama nyuma. Ikiwepo inayotazama pembeni, umeiruka.

Pwani_LN

Asante sana kiongozi. Nami nilipe kwa kutu, maana huku chumvi haina huruma.

Msianze na bodi. Ingia chini na nyundo ndogo, gonga chasisi nzima. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama boksi la karatasi. Sehemu mbaya ni nyuma ya kebini, pale chasisi inapopinda kupanda juu ya ekseli, na mabano ya springi. Chasisi ni bomba la mraba: tope linaingia, linanyonya unyevu, kutu inakula kutoka ndani wakati nje rangi inang'aa. Kata mpaka ufike chuma cheupe, usibandike bati juu ya kutu. Kiraka kiwe cha unene wa chasisi, na ncha zake zikatwe kwa mshazari kama almasi. Mstari wa kuchomelea uliosimama wima, chasisi itapasukia hapo hapo. Chomoa betri na altaneta kabla, na klempu ya ardhi iwe karibu na unapochomelea ili umeme usipite kwenye beringi.

Puti isizidi milimita 3. Oili chafu chini ya gari? Inazuia kutu, ndiyo, lakini inavimbisha bushi zote za mpira na kuchafua udongo.

Mnyalu wa Baridi

Kuna wanaochanganya mafuta ya taa "kusafisha nozeli". Pampu hii haina oili yake, inalainishwa na dizeli inayopita. Mafuta ya taa ni makavu, yanaisaga. Na kama sili zake ni za zamani na imeanza kuvuja kwenye shingo ya lever, jua kwamba mwaka 2015 dizeli ya Afrika Mashariki ilishushwa salfa hadi ppm (sehemu kwa milioni) 50, na sili nyingi za kizamani hazikupenda mabadiliko hayo. Seti ya sili inatosha. Kabla ya kutoa pampu, chora mstari kwa msumari kati ya pampu na mahali inapokalia.

Gereji Chini ya Mwembe

Mawili ya mwisho kwa leo.

Nafasi ya valvu, kwa 3L na 5L: injini baridi, za kuingiza 0.20 hadi 0.30 mm, za kutolea 0.40 hadi 0.50. Zinarekebishwa kwa shimu (visahani vyembamba vya unene tofauti). Valvu iliyobana haina kelele, ndiyo hatari yake. Inaungua kimya.

Wanaoongeza majani ya springi nyuma wabebe mkaa: kuna valvu ya breki imeunganishwa na ekseli kwa fimbo, inapima mzigo kwa kuangalia mkia umeshuka kiasi gani. Ukinyanyua mkia kwa springi, valvu inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma, ilhali una gunia ishirini. Rekebisha fimbo.

Pwani_LN

Na oili ya difu?

Gereji Chini ya Mwembe

SAE 90 ya GL-5 kwa difu, 75W-90 ya GL-4 kwa giaboksi. Fungua nati ya kujazia kwanza, ndipo ya kumwagia. Ukimwaga halafu ya kujazia ikagoma, gari halitoki hapo.